Nani Ananyoosha Vyungu vya Watoto?

Bi Macho hakupewa jina hilo bure. Watoto wa kambi ya sanaa walimbandika msimu wake wa kwanza, siku alipomkamata mtoto akificha peremende ndani ya bonge la udongo, naye alikuwa amempa mgongo. Tangu hapo hata Mkuu wa kambi akawa anamwita hivyo hivyo, na mwenyewe hujifanya amenuna, kumbe anafurahi. Ukimsalimia asubuhi kwa uchangamfu, anakaa nusu siku akijiuliza unataka nini. Usipomsalimia, anajua tayari umeshakipata.

Alikuwa mwalimu wa ufinyanzi. Kila likizo ndefu, shule moja ya bweni iligeuzwa kambi: madawati yanasukumwa ukutani, maabara ya kemia wanapewa wachoraji kwa sababu ina masinki mengi, wacheza ngoma wanapewa uwanja, na karakana ya useremala, ile ya nyuma karibu na matangi ya maji, inakuwa ya Bi Macho na udongo wake. Watoto hufinyanga asubuhi. Kazi ambayo haijaisha wanaifunika nailoni isikauke, wanaipanga rafuni, wanakwenda bwalo kula, na mchana wanahamia kwenye ngoma. Kesho yake asubuhi wanafunua na kuendelea.

Kambi ilikuwa na sheria nyingi za kuandikwa ubaoni na kusahaulika, lakini moja haikuchezewa: mkono wa mwalimu hauingii kwenye kazi ya mtoto. Elekeza, onyesha kwa udongo wako mwenyewe, foka ukitaka, ila cha mtoto usikiguse. Mtoto akifinyanga chungu kilichoinama kama mlevi, kitachomwa kikiwa kimeinama, na mzazi atakabidhiwa hivyo hivyo siku ya maonyesho. Msimu uliopita mwalimu wa kuchora aliongeza wingu moja kwenye picha ya binti mmoja. Wingu zuri, la mvua kabisa. Jioni ile ile alikuwa getini na begi lake.

Msimu huo ninaousimulia, Bi Macho alikuja kambini na mzigo ambao hakuwa nao misimu mingine, nao ni mama yake mzazi. Bibi wa watu alikuwa akikaa kwa mwanawe wa kiume, kaka yake Bi Macho, mpaka wifi aliposema yatosha. Kaka alimleta na mfuko wake wa nguo, akasimama mlangoni, hakukaa hata kunywa maji, akasema, "Dada, mimi nimefika mwisho." Mama alikuwa amesahau mengi. Alikuwa akifungulia bomba na kuliacha, akimuulizia marehemu mumewe kama vile ametoka kununua chumvi. Mkuu alikubali akae kwenye chumba kidogo cha nyuma ya karakana, pamoja na binti yake. "Ila kazi asiingilie," akasema. Bi Macho akaitikia haraka, maana hakuwa na pa kumpeleka pengine.

Enzi zake, mama huyo alikuwa mfinyanzi wa kuulizwa sokoni kwa jina. Ndiye aliyemfundisha Bi Macho angali mdogo wa kukalia kinu. Na Bi Macho alikua na sifa yake mwenyewe. Watu walisimama mbele ya vyungu vyake vidogo wakasema, jamani, huyu mtoto ana mkono! Sifa hiyo ndiyo aliyoishi nayo, ndiyo iliyomfikisha kambini, na ukimkalia kitako atakusimulia tena hata kama ulishaisikia.

Jambo la pili jipya msimu huo lilikuwa Samahani.

Samahani alikuwa mwalimu mpya wa udongo, msichana mwembamba aliyeshuka kwenye pikapu na gurudumu lake la kufinyangia, amelifunga blanketi. Jina alilipata siku ile ile. "Samahani, naomba kupita. Samahani, chumba changu kipi. Samahani, hii chupa ni ya mtu?" Aliligonga kabati akaliomba radhi. Watoto walimpenda hapo hapo. Bi Macho alimtazama kuanzia kisigino hadi utosi, akajisemea kwamba mtu anayeomba radhi kabla hajakosa, ujue makosa yake anayo mfukoni.

Hofu yake haikuwa ya hewani. Mkuu alikuwa ametamka mbele ya walimu wote kwamba msimu ujao fedha za kambi zinatosha mwalimu mmoja tu wa udongo. Hakusema nani. Bi Macho hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kazi ile ikimtoka, mama ataishi wapi, na yeye mwenyewe ataitwa nani?

Basi, asubuhi moja watoto wakafunua nailoni zao. Binti mmoja kibogoyo, meno ya mbele yote yamedondoka, akakishika chungu chake, akakigeuza, akakunja uso.

"Mwalimu, hiki si changu."

"Ni chako. Tazama kitakoni, si alama yako hiyo?"

Kila mtoto alichora alama yake chini ya chungu, na ya kibogoyo ilikuwa samaki. Samaki alikuwepo. Lakini chungu kilisimama wima, shingo imenyooka, mdomo umezunguka sawasawa.

"Changu kilikuwa kinaegemea huku," mtoto akasema, akainamisha kichwa kuonyesha. "Mimi nilikuwa nakipenda kilivyoegemea."

Bi Macho akapita rafuni. Kingine kilikuwa na tumbo lililojaa vizuri, na jana kilikuwa kimebonyea. Bakuli la mvulana mnene, ambalo jana lilikuwa na mdomo wa kupinda, leo ungeweza kulipeleka dukani. Mvulana mwenyewe alilitazama kwa fahari.

"Limejinyoosha usiku," akawaambia wenzake. "Nilijua tu litajirekebisha."

Wenzake walicheka, lakini Bi Macho hakucheka. Mkono huu ulikuwa wa mtu anayejua udongo, si mchezo wa watoto. Na katika kambi nzima waliojua udongo walikuwa wawili, yeye na Samahani. Yeye hakugusa. Sasa hesabu gani tena hapo? Mtu ananyoosha vyungu vya watoto, Mkuu anakuja kuona, anauliza ni kazi ya nani, na macho yote yanamgeukia mwalimu wa siku nyingi. Bi Macho getini na begi, na mama yake nyuma akiuliza mumewe kaenda wapi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akanong'ona, na tangu hapo akaanza kazi ya kumchunga Samahani.

Ukitafuta dalili hukosi, na Bi Macho alizipata nyingi kuliko alivyoweza kuzibeba. Samahani alikuwa akila mchana vijiko vichache tu, kisha anainuka. "Samahani, narudi sasa hivi." Bi Macho mwenyewe hakuweza kumfuata, kwa sababu zamu ya kusimamia watoto bwaloni ilikuwa yake, na watoto wa kambi ukiwapa kisogo wanarushiana chakula. Samahani alirudi mikono ya blauzi imelowa. Alirudi na udongo mbichi kwenye kucha, na kipindi chake cha asubuhi kilikwisha zamani. Tena alitembea na chupa ya chai ambayo haikuwa na chai.

"Ya nini hiyo?" Bi Macho alimuuliza siku moja, akainusa kabisa.

"Maji ya moto tu, dada. Samahani. Ya kunawia."

"Kunawia? Na jua lote hili?"

Samahani akatazama chini, akasema tena samahani, akapita. Mtu mkweli angejibu, Bi Macho akawaza.

Kisha Samahani akaja kuomba ufunguo. Ufunguo wa karakana ulikuwa mmoja kwa milango yote miwili, ule mkubwa na ule mdogo wa upande, na Bi Macho aliuvaa shingoni kwa uzi. Usiku alifunga, lakini mchana aliacha wazi hewa iingie, maana udongo ukifungiwa kwenye joto unapasuka.

"Dada, nilikuwa nafikiri, samahani, labda mchana tuwe tunafunga mlango. Kama hutajali, mimi nitakuwa nafunga."

Weee! Ati afunge yeye! Akiwa ndani au akiwa nje? Bi Macho aliushika ufunguo kifuani utadhani umeombwa na kibaka. "Huu haujawahi kutoka kwenye shingo yangu," akasema. "Hewa inatosha, na macho yangu yanatosha."

Jioni alimweleza mwalimu wa ngoma, mzee mmoja mwenye kitambi ambaye hakupenda ugomvi na mtu.

"Bi Macho, wewe hata kivuli chako unakipekua," akamwambia. "Huyo mtoto ana adabu tu."

"Adabu ikizidi ni mtego."

"Basi muulize."

"Nimuulize mwizi kama ni mwizi?"

Mwalimu wa ngoma akajikuna kitambi, akasema kwa hilo yeye hayumo.

Siku zikasogea kuelekea maonyesho, na vyungu vikazidi kunyooka. Si vyote. Kila siku viwili, vitatu, kama vile mtu anachagua. Kibogoyo alifinyanga kingine cha kuegemea, nacho kikanyooshwa, akalia machozi ya kweli. Bi Macho alimbembeleza huku moyo unamchemka. Alikuwa akiwaambia watoto kila siku, kosa lako ni lako, kaa nalo, litakufundisha. Sasa kuna mtu anawaibia makosa yao.

Mkuu akaja kukagua. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na watu walimwogopa kwa hiyo sauti. Akapita rafuni polepole, mikono nyuma.

"Watoto hawa wamekuwa mafundi lini?" akauliza.

Pale ndipo Bi Macho alipofungulia bomba. Alisema yote: kuondoka bwaloni, mikono iliyolowa, kucha, chupa ya maji ya moto, ufunguo. Samahani alikuwa amesimama kando ya gurudumu lake, kitambaa mkononi. Mwanzo alishtuka, kisha akamtazama Bi Macho usoni kwa muda, kama mtu anayesubiri kuulizwa jambo.

"Binti, una la kusema?" Mkuu akauliza.

"Samahani," Samahani akasema. "Sina."

"Umegusa kazi za watoto?"

"Sijagusa."

"Basi nani amegusa?"

Samahani akapangusa mikono iliyokuwa mikavu tayari.

"Nakupa mpaka kesho jioni," Mkuu akasema. "Ukiwa na maelezo, njoo ofisini. Ukiwa huna, kafunge mizigo."

Ungedhani Bi Macho alilala usingizi wa ushindi. Wapi! Alijigeuza kitandani mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa tumbo. Lile jibu la "sijagusa" lilimkera. Lilitoka jepesi mno. Na yule msichana mbona hakulia, mbona hakujitetea? Lazima ana mpango. Kesho atakwenda ofisini na hadithi tamu, na yeye Bi Macho ataonekana mwanamke mwenye wivu. Akakata shauri kwamba atamshika mkono ukiwa ndani ya chungu.

Asubuhi yake, watoto walipokuwa kazini, alikaa pembeni akafinyanga chungu kidogo cha makusudi. Alikipindisha shingo, akakiachia tumbo lining'inie, mdomo akaulaza. Ilimwia rahisi kuliko alivyotarajia. Hakukitia alama, akakichanganya na vya watoto rafuni, akakifunika. Kengele ya chakula ilipolia, alimsukumia mwalimu wa ngoma zamu ya bwalo, akajifanya anakwenda chooni, akazunguka matangi ya maji, akaingia karakana kwa dirisha la nyuma. Mwanamke wa umri wake, miguu juu! Akajibanza nyuma ya magunia ya udongo mkavu, vumbi likamjaa puani, akaibana chafya.

Hakungoja sana. Mlango mdogo wa upande ukafunguka, ule unaotazamana na chumba chao.

Aliyeingia ni mama yake.

Bi Macho alitaka kumwita amrudishe kitandani, asije akamharibia mtego. Lakini kuna kitu kilimzuia. Mama alikuwa anatembea vingine. Nyumbani alikuwa akikokota miguu na kushika kuta, na hapa aliingia kama mwenye kiwanda. Alikunja mikono ya gauni. Akachovya vidole kwenye ndoo. Akafunua nailoni moja, akatikisa kichwa, akafunika. Akafunua ya pili. Alipofika kwenye kile chungu cha mtego, akasimama, akacheka kidogo.

"Haya," akasema. "Huyu hapa."

Akakitoa, akakaa, akakipakata. Kidole gumba kikaingia ndani, kiganja nje, akaanza kukipandisha taratibu. Shingo ikanyanyuka. Tumbo likarudi mahali pake. Bi Macho hakujua saa ngapi alitoka nyuma ya magunia. Alijikuta amesimama katikati ya karakana, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama aliinua macho, wala hakushtuka.

"Karibu, mteja," akasema. "Subiri kidogo, hivi bado vibichi. Vya kuuza viko kule."

"Mama, unafanya nini?"

"Nanyoosha. Si unaona? Ni cha kitinda mimba wangu hiki." Akakizungusha, akakitazama kwa jicho moja. "Nakijua hata gizani. Mkono wake unalemea kushoto, siku zote. Nimemwambia, nimechoka. Basi akienda kucheza, mimi nanyoosha. Udongo uwahi ungali maji."

Kitinda mimba alikuwa Bi Macho.

"Siku zote?" Bi Macho akauliza.

"Tangu mdogo. Watu wa sokoni wanamsifu, ana mkono, ana mkono! Naye anafurahi huyo, utafurahi ukimwona. Nitamwambiaje?" Mama akamwinamia kama anayempa siri, akapunguza sauti. "Usije ukamwambia, tafadhali. Akijua ataacha."

Bi Macho akakaa kwenye gunia. Mambo yalimrudia moja moja, na hakuyaita. Alipoolewa akahamia ukweni, vyungu vyake vya kwanza kule vilipinda, vyote, akaulaumu udongo wa kule kwamba una mchanga. Walipobadilisha udongo vikapinda, akamshuku wifi yake kwamba anavigusa kwa husuda. Aligombana na yule mwanamke mpaka wakanyimana salamu. Ilimchukua miaka kupata mkono wa kweli, na miaka hiyo alijiambia kwamba anaurudisha tu ule uliopotea. Loh! Kumbe hakuwahi kuupoteza, maana hakuwa nao. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwepo.

Mlango mkubwa ukasukumwa. Samahani akaingia na beseni na ile chupa. Alimwona Bi Macho, akasita, kisha akaamua kuendelea na alichojia. Akapiga magoti mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi. Soko limefungwa leo."

"Limefungwa tayari?"

"Limefungwa. Twende tukanawe, tupumzike."

Mama akampa chungu bila ubishi. Samahani akakiweka rafuni, akamimina maji kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko, akaanza kumwosha vidole, kimoja kimoja, udongo ukimwingia yeye kwenye kucha. Mikono ya blauzi ikalowa. Alipomaliza akamshika kiwiko, akamwongoza chumbani, akarudi na beseni tupu.

"Tangu lini umejua?" Bi Macho akauliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Nilisahau kitambaa changu, nikarudi, nikamkuta."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje?" Samahani aliliweka beseni chini kwa kishindo, na hilo neno lake la kila siku hakulitumia. "Wewe ulishaninusia hadi chupa. Ningesema ni mama yako, ungesema namsingizia mgonjwa. Nikaomba ufunguo nifunge mlango, ukanikatalia. Nikawa nawahi tu. Siku nyingine nawahi, siku nyingine nakuta ameshamaliza viwili."

"Na jana? Mbele ya Mkuu? Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akalisukuma beseni kwa mguu. "Nilisema moyoni, sasa ataniuliza. Mimi na yeye tu, ataniuliza, nitamwambia. Nisingeweza kumtaja bibi mbele ya yule mtu, angefukuzwa hapo hapo. Ungeniuliza, dada. Siku moja tu ungeniuliza!"

Bi Macho akainuka kwenye gunia, akatoka.

Alikwenda kwa Mkuu mwenyewe, na vumbi lake, kabla hajapata nafasi ya kujipangia maneno matamu. Alieleza kila kitu, wa kufukuzwa ni nani na wa kuombwa radhi ni nani. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria inataja mkono wa mwalimu, haikumtaja bibi kizee. Vyungu vilivyoguswa havitaingia kwenye maonyesho, na Bi Macho ndiye atakayewaeleza watoto kwa mdomo wake. Bibi akae mpaka kambi iishe, na mlango ufungwe mchana.

"Na Samahani abaki," Bi Macho akasema. "Kama nafasi ni moja, iwe yake."

"Leo asubuhi nilimwambia akinipa maelezo tu atabaki," Mkuu akasema. "Akaniaga. Hataki."

Alimkuta getini, anafunga gurudumu kwa blanketi nyuma ya pikapu. Bi Macho alimwomba msamaha, kwa sauti, mbele ya dereva na mlinzi, akarudia mara nyingine, maana mara ya kwanza alikabwa na kikohozi. Samahani aliendelea kufunga kamba.

"Nimesikia, dada," akasema. "Lakini mimi siwezi kukaa mahali ninapochungwa kila nikiinua kijiko. Nimechoka."

"Sitakuchunga tena."

"Utanichunga. Ndivyo ulivyo." Hakusema kwa ubaya, na kwa hiyo iliuma zaidi. Akapanda, akafunga mlango, kisha akashusha kioo. "Maji yawe ya uvuguvugu. Ya baridi anayaogopa, anafikiri anatupwa mtoni. Na usimvute mkono. Mwambie soko limefungwa, atakuja mwenyewe."

Pikapu ikaondoka. Bi Macho alibaki ameshika geti. Tangu kaka yake amlete, alikuwa akimwogesha mama yake kwa maji ya bomba, na mama akilia, naye akidhani ni ukaidi wa uzee.

Kesho yake aliwaeleza watoto. Wengi walinuna, mvulana mnene akakana kabisa, akashikilia kwamba bakuli lake lilijinyoosha lenyewe. Kibogoyo tu ndiye aliyeshangilia, akaomba udongo mpya papo hapo. Mchana Bi Macho hakwenda bwalo. Ufunguo aliutia kwenye kufuli la mlango wa upande, lakini hakulifunga. Alikaa akangoja, beseni miguuni, chupa ya maji ya moto pembeni, mpaka mlango wa upande ukafunguka na mama akaingia na hatua zake za mwenye kiwanda.

Alimwacha afunue viwili, vitatu, asiguse. Kisha akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Soko limefungwa leo."

Mama alimtazama. Akatazama beseni. Akatazama mlango nyuma yake, kama anayetegemea mtu mwingine aingie.

"Yule binti yuko wapi?" akauliza. "Yule mwenye adabu."

"Ameondoka, mama."

Mama akairudisha mikono yake nyuma, akaificha kwenye mikunjo ya gauni. Akamchunguza Bi Macho usoni, polepole, kwa jicho kali la mtu ambaye haamini anachoambiwa.

"Mmemfanya nini?"

Bi Macho akachovya kiwiko kwenye maji, akayapima, akabaki ameinamia beseni.